Dirisha la Yai

Mayai tumenunua Majengo, trei moja,
ya kienyeji, maana ya dukani hayajamwona jogoo.
Bi Sechelela ameyapanga kwenye mashine ya kutotolea,
ameandika saa juu ya kila ganda kwa penseli:
kumi na nane. Ishirini na nne. Thelathini na sita.
Umeme ukikatika huyafunika kwa khanga yake
na kuyasemesha Kigogo, kama wagonjwa.

Nje, upepo wa Agosti unasukuma vumbi la Chimwaga
mpaka kwenye nyufa za dirisha.
Ndani nakata dirisha jingine,
la ukubwa wa ukucha,
nachungulia.

Saa kumi na nane, moyo haupo.
Nimeutafuta. Kuna utando tu juu ya kiini,
mwembamba kama ngozi ya maziwa yaliyopoa,
na katikati yake mfereji,
mkwaruzo, kama mtu amepitisha unyoya.
Hapo ndipo seli zinapoingia.
Juu zilikuwa sawa zote, hazina ukoo wala kazi;
zinafika ukingoni, zinaachana mikono,
zinazama,
kama sisi Septemba kwenye mchanga wa mto Bubu,
tumechimba mpaka mabegani, kata mkononi,
tukiyafuata maji ambayo juu hayakuonekana.

Ukizama hutoki ulivyoingia.
Zile za mwanzo kuzama
zinaibuka upande wa pili na barua ya uhamisho:
nenda mbele, utakuwa moyo.
Nani ametia saini? Bi Sechelela hajui.
Profesa anazijua herufi chache za jina lake.
Basi zinakwenda, kundi kulia, kundi kushoto,
hakuna barabara,
zinapita pembeni mwa mahali kitakapokuwa kichwa,
kama watumishi waliohamia Dodoma kabla ya ofisi
wakakuta viwanja, vigingi, na mbigili.

Saa thelathini na sita.
Makundi yamekutana, yameshonana
bomba moja, jembamba kuliko uzi wa kiatu.
Damu ya kusukuma bado.
Mshipa wa fahamu wa kutoa amri bado.
Bi Sechelela ameinama, miwani imeshuka puani.
Seli moja inashtuka.
Jirani yake anashtuka.
Kimya.
Halafu zote.
"Ehee," anasema, kama aliyefunguliwa mlango.

Sikumwambia mtu kwa nini nilichagua somo hili.
Ndahani ana miaka tisa, ana tundu kwenye ukuta wa moyo
na njia ya kutokea damu imebana.
Akicheza chandimu dakika tano
midomo inageuka rangi ya zabibu,
anachuchumaa golini, wenzake wanamsubiri.
Mama anasema ni ule udongo aliokula.
Mara ni ndoo alizobeba kutoka bombani Nzuguni.
Mara ni neno alilomjibu mama mkwe.
Miaka tisa anayachambua makosa yake
kama mchele kwenye ungo.

Mama, nimeangalia.
Kuna kundi la pili, hufuata nyuma ya lile la kwanza,
ndilo linalojenga mlango wa damu kutoka.
Labda wachache walisimama njiani.
Labda kiwanja kilipimwa kombo.
Wewe ulikuwa bado unahesabu siku kwa vidole,
ukidhani ni uchovu wa palizi.
Hakuna aliyekuomba ruhusa.
Hakuna aliyekuomba hata maji.

Sijui kama hii ni faraja
au ni tundu jingine nakutobolea.

Saa tisa umeme unakatika.
Bi Sechelela anavua khanga begani.
Naziba ganda kwa plasta,
ileile tunayombandika Ndahani magotini.
Barua yake ya upasuaji haijasainiwa bado;
karani alisema rudini Jumanne,
na Jumanne zimepita nne.

Chini ya khanga, gizani, kile kibomba
kinaendelea, hakina cha kusukuma, kinasukuma.
Kesho kitakuwa na saa sitini.
Nimeshaandika, kwa penseli.